Kifua Kikuu Kisicho cha Kifua: Historia ya Utambuzi wa Kifua Kikuu cha Uti wa Mgongo na Mzigo wa Istilahi, Mtazamo kutoka Kibuli, Kampala

Ikisiri

Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni ugonjwa wa kale unaotibika kwa vidonge, lakini ukichelewa kutambuliwa huacha kibiongo na kupooza kwa miguu. Makala haya yanafuatilia historia ya utambuzi wake na kuihusisha na historia ya Kiswahili nchini Uganda, kwa kuanzia kilima cha Kibuli jijini Kampala. Yanadai kwamba mambo matatu yaliyokua kwa nyakati tofauti, yaani jina la ugonjwa, kipimo chake na daftari lake, yote yamekielekea kifua na kuuacha mgongo pembeni. Kwa kulinganisha Kiswahili, Kiluganda na Kinyarwanda, makala yanaonyesha kuwa uwazi wa istilahi, ambao wanaistilahi tumezoea kuusifu, unaweza kuwa kizuizi maana ya kitaalamu inapopanuka kuliko umbo la neno. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa waundaji wa istilahi na washauri wa sera katika kipindi hiki ambapo Uganda inakipa Kiswahili nafasi rasmi.

Istilahi muhimu: kifua kikuu, uti wa mgongo, utambuzi, uwazi wa istilahi, Kibuli

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, Mswahili anayesema "ana kifua" anaweza kuwa anataja ugonjwa, si kiungo. Neno moja limebeba yote mawili. Tukiongeza kivumishi "kikuu" tunapata ugonjwa mkubwa kuliko yote ya kifua. Jina hilo limefanya kazi njema kwa miaka mingi: mtu akilisikia anafikiria kikohozi kisichoisha, makohozi yenye damu, jasho la usiku na mwili unaokonda. Tatizo linaanza pale daktari anapomwambia mgonjwa asiyekohoa, ambaye analalamikia mgongo tu, kwamba ana "kifua kikuu cha uti wa mgongo". Kwa sikio la mzungumzaji wa kawaida, kauli hiyo inataja viungo viwili visivyokaa pamoja. Ni kama kusema jino la goti.

Makala haya hayadai kwamba jina ndilo linalosababisha wagonjwa kuchelewa. Umaskini, umbali, uhaba wa vifaa na ugumu wa ugonjwa wenyewe vina uzito zaidi. Yanadai jambo dogo zaidi lakini linaloweza kurekebishwa kwa gharama ndogo: kwamba lugha ni mojawapo ya vifaa vya utambuzi, na kwamba kifaa hicho, kama vingine, kina historia inayoeleza kwa nini kinaona vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine.

Kibuli kimechaguliwa kwa sababu maalumu. Vilima vya Kampala viligawanywa kwa dini na kwa taasisi. Namirembe kilikuwa cha Waanglikana na hospitali yao ya Mengo, iliyoanzishwa 1897. Rubaga kilikuwa cha Wakatoliki wa Wamisionari wa Afrika, waliofungua huduma ya tiba 1899. Nsambya kilikuwa cha wamisionari wa Mill Hill, ambapo Mama Kevin na watawa wenzake walifika 1903. Kibuli kilikuwa cha Waislamu. Mkuu wao, Nuhu Mbogo, alipelekwa uhamishoni Zanzibar 1893 na kurejea 1895, na mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya msikiti, shule na taasisi nyingine za kilima hicho. Kibuli pia kina chuo cha mafunzo ya polisi, jeshi ambalo lugha yake ya amri tangu enzi ya ukoloni ni Kiswahili. Leo kilima hicho kina hospitali ya Waislamu, na jirani yake kuna makazi ya askari, wafanyabiashara, na wakimbizi wanaotoka mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kuuliza swali letu: mtu mwenye Kiswahili anapoumwa mgongo mjini Kampala, ni maneno gani yanayomfikisha au yanayomchelewesha kufika kwenye tiba?

2.0 Ugonjwa na Ugumu wa Kuuona

Bakteria wa kifua kikuu huingia mwilini kwa njia ya hewa na mara nyingi huanzia kwenye mapafu. Kutoka hapo wanaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye mifupa. Takriban nusu ya wagonjwa wote wa kifua kikuu cha mifupa na viungo huathirika uti wa mgongo, hasa pingili za sehemu ya chini ya kifua na za juu ya kiuno. Bakteria hula sehemu ya mbele ya pingili, karibu na gegedu inayozitenganisha. Pingili ikidhoofika mbele huku nyuma ikiwa imara, hubonyea kama kabari, na mgongo huchomoza nje kwa pembe kali. Usaha huweza kujikusanya bila joto wala wekundu wa jipu la kawaida, ukateremka kando ya misuli hadi kwenye kinena, mbali kabisa na ulikoanzia. Ukibana ugwe mgongo, miguu huisha nguvu.

Hatari ya ugonjwa huu ni kwamba haina haraka. Maumivu huanza kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, na hufanana na maumivu ambayo karibu kila mtu mzima amewahi kuyapata. Dalili zinazoutofautisha ni maumivu yasiyotulia hata usiku, homa za jioni, kupungua uzito, na baadaye ganzi au udhaifu wa miguu na shida ya kuzuia mkojo. Zote zinahitaji kuulizwa. Mgonjwa hazitaji zote kwa pamoja. Wagonjwa wengi hawakohoi kabisa.

Hata daktari akishuku, vipo vifananishi. Nchini Uganda, maziwa yasiyochemshwa huleta ugonjwa wa bruselosi, unaoweza kuishambulia mifupa ya mgongo na kuleta homa za muda mrefu. Bakteria wa majipu ya kawaida nao hufika kwenye pingili. Kwa wazee, saratani ya tezi dume hupeleka mbegu zake kwenye uti wa mgongo. Kwa watoto, uvimbe ulioelezwa na Denis Burkitt akiwa Mulago mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambao dunia nzima inaufahamu kwa jina lake, unaweza kubana ugwe mgongo na kupoozesha miguu kwa muda mfupi. Kukosea kati ya magonjwa haya ni kumpa mgonjwa dawa za miezi kadhaa zisizomhusu, au kumnyima zile zinazomhusu.

3.0 Kutoka Jicho hadi Kipande cha Nyama: Historia Fupi ya Utambuzi

Kibiongo kilionekana muda mrefu kabla ya chanzo chake kujulikana. Maiti iliyohifadhiwa ya Nesperehân, kuhani wa Amun huko Misri ya kale, iliyochunguzwa mwanzoni mwa karne ya 20, ina mgongo uliobonyea na alama ya jipu la misuli ya kiuno. Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza uhusiano kati ya kupinda kwa mgongo na kupooza kwa miguu, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Pott aliona umbo, lakini hakuwa na njia ya kukijua kisababishi. Kisababishi kilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei, na kwa mara ya kwanza mfupa wa mtu aliye hai ukaonekana bila kupasuliwa.

Hatua hizi tatu, umbo, bakteria na picha, zilimpa daktari nguvu mpya lakini kila moja ilikuwa na kasoro. Umbo huonekana baada ya uharibifu kutokea. Eksirei ya kawaida haionyeshi kitu hadi mfupa upoteze takriban theluthi moja au zaidi ya madini yake. Picha "safi" katika wiki za mwanzo si ushahidi kwamba mgongo ni mzima. Nao bakteria wako ndani ya mfupa, si kwenye makohozi. Ili kuwapata, lazima sindano au kisu kifike kwenye pingili. Skani za CT zilizokuja miaka ya 1970 na vipimo vya MRI vilivyoenea kuanzia miaka ya 1980 vilifupisha muda wa kusubiri, kwa kuwa MRI huonyesha mabadiliko ya mfupa na usaha mapema sana. Hata hivyo vyote viwili huonyesha mahali na sura ya ugonjwa. Jina la kiini huthibitishwa na kipande cha nyama.

Kwa upande wa tiba, streptomaisini ilipatikana miaka ya 1940 na isoniazidi ikafuata 1952. Kabla ya hapo, mgonjwa alilazwa kitandani kwa miezi au miaka, akiwa amefungwa plasta. Dawa zilizua swali: je, kitanda na plasta bado ni lazima? Afrika ilichangia jibu. Huko Ibadan, Nigeria, ambako vitanda vilikuwa vichache kuliko wagonjwa, Paul Konstam na wenzake waliwatibu wagonjwa wakiwa wanatembea na kuishi nyumbani, na kuchapisha matokeo yao 1958 na 1962. Huko Hong Kong, Arthur Hodgson na Francis Stock walifuata njia tofauti, ya kupasua kutoka mbele na kuondoa mfupa ulioharibika. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likaunda jopo lililolinganisha njia hizi huko Korea, Hong Kong na Bulawayo, na ripoti zake zikaanza kutoka 1973. Upasuaji wa Hong Kong ulipunguza kupinda kwa mgongo, lakini kwa wagonjwa wengi dawa zilizomezwa ipasavyo zilitosha, bila kitanda wala plasta.

Matokeo hayo yalibadilisha maana ya utambuzi. Ugonjwa uliohitaji wodi na miaka ya kulala uligeuka kuwa ugonjwa wa vidonge, mradi utambuliwe kabla pingili hazijabonyea. Tangu hapo kinachoamua mgonjwa atatembea au hatatembea ni zaidi siku aliyotambuliwa kuliko ufundi wa mpasuaji.

4.0 Jinsi Makohozi Yalivyokuwa Kipimo cha Ugonjwa Mzima

Afrika Mashariki haikuwa pembeni mwa historia hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mfululizo wa majaribio ya dawa ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1972 ushirikiano huo ulitoa matokeo yaliyofungua njia ya tiba ya miezi sita, ambayo leo ni msingi wa matibabu duniani kote. Wagonjwa wa majaribio hayo walikuwa wa mapafu, na kipimo cha kuingia na cha kupona kilikuwa makohozi: yakiwa na vimelea, mtu ni mgonjwa, yakisafika, amepona.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Karel Styblo aliutumia kujenga mfumo wa kutambua wagonjwa kwa hadubini na kuwafuatilia kwa daftari la wilaya. Mfumo huo ulikuja kuwa mkakati wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Uganda ilianzisha mpango wake wa taifa 1990, wakati VVU vilikuwa vimekwishabadilisha sura ya kifua kikuu kwa kuongeza kile kinachokaa nje ya mapafu.

Kuyapa makohozi kipaumbele kulikuwa na mantiki. Mgonjwa anayetoa vimelea kwa kukohoa ndiye anayewaambukiza wengine, na hadubini ni kifaa cha bei nafuu kinachoweza kufika kila wilaya. Mgonjwa wa mgongo kwa kawaida hamwambukizi mtu. Lakini kipimo kilichochaguliwa kwa sababu za afya ya jamii kilianza kutumika, katika usemi na katika fikra, kama kipimo cha ugonjwa mzima. "Wamenipima, hawakuona kitu" ni sentensi ambayo kila mhudumu wa afya katika ukanda huu ameisikia. Kilichoandikwa maabara ni kwamba hakuna vimelea katika makohozi. Kilichofika nyumbani ni kwamba hakuna kifua kikuu. Kati ya kauli hizi mbili ndipo mgonjwa wa mgongo anapopotea.

Daftari nalo lina mchango wake. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mgonjwa mwenye kifua kikuu cha mapafu na cha mahali pengine kwa pamoja huhesabiwa kuwa wa mapafu. Kanuni hii ni sahihi kwa kufuatilia maambukizi, lakini ina maana kwamba mgongo ulioathirika pamoja na mapafu hauonekani katika hesabu. Na walio nje ya mapafu mara nyingi hujumlishwa katika kundi moja: tezi za shingo, maji ya mapafu, ubongo na mifupa. Mshauri wa sera anayesoma jumla hiyo hawezi kujua ni watu wangapi waliohitaji kiti cha magurudumu.

Teknolojia mpya imepunguza pengo hili bila kulifunga. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert Desemba 2010, na Kampala ilikuwa miongoni mwa miji iliyofanyiwa tathmini iliyochapishwa 2011. Mwaka 2013 pendekezo lilipanuliwa kwa baadhi ya sampuli zisizo za makohozi, zikiwemo nyama za mwili. Mwaka huohuo Maabara ya Taifa ya Rejea ya Kifua Kikuu ya Uganda ilipata hadhi ya maabara ya rejea ya kimataifa. Uwezo upo. Lakini mashine haimwendei mgonjwa. Sampuli ndiyo inayoiendea mashine. Ili kipande cha pingili kifike, lazima kwanza mtu ashuku, kisha atume sampuli sehemu mbili: moja kwenye formalini kwa ajili ya kuangalia sura ya nyama, nyingine kwenye chombo kisafi kisicho na formalini kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha vimelea. Kipande chote kikitumbukizwa kwenye formalini, bakteria hufa, na utambuzi wa kimaabara hupungukiwa na nusu ya nguvu yake. Mnyororo wote huanzia kwenye shaka, na shaka huanzia kwenye maneno.

5.0 Jina na Mipaka Yake

Tulinganishe majina matatu yanayosikika Kampala. Kiswahili husema kifua kikuu. Kiluganda husema *akafuba*, kutokana na *ekifuba*, yaani kifua. Lugha hizi mbili zimechukua kiungo kilekile kisha zikafuata njia tofauti: Kiswahili kimekikuza kwa kivumishi, Kiluganda kimekidogosha kwa kiambishi *aka-*. Zote mbili zimebaki kifuani. Kinyarwanda kina *igituntu*, jina ambalo halilitaji neno la kifua, *igituza*. Mzungumzaji wa Kinyarwanda anayeambiwa ana *igituntu* cha mgongo halazimiki kwanza kukibandua kifua kutoka kwenye jina. Hata neno la kimataifa, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kivimbe kidogo, linataja kinachotokea ndani ya nyama, popote ilipo, bila kutaja kiungo.

Katika uundaji wa istilahi tumefundishwa kupendelea uwazi: istilahi nzuri ni ile ambayo umbo lake linadokeza maana. Kanuni hiyo imetupatia maneno mengi mazuri. Lakini uwazi una gharama yake pale dhana inapokua. Jina lililo wazi hudokeza maana ya siku lilipoundwa na kuikinga dhidi ya maana ya baadaye. "Kifua kikuu" liko wazi kwa ugonjwa wa mapafu, na kwa sababu hiyohiyo linafunga mlango kwa mgongo, tezi na figo. Kinyume chake, ufupisho "TB", ambao wasafishaji wa lugha huuona kuwa uvivu, haudokezi kiungo chochote. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni maana ndani ya herufi zake, na kutoona huko ndiko kunakouruhusu kusema "TB ya mgongo", "TB ya tezi" au "TB ya mifupa" bila mgongano.

Nusu ya pili ya istilahi, "uti wa mgongo", ina mtego wake. Kwa umma, uti wa mgongo umekwishashikwa na ugonjwa mwingine: homa ya uti wa mgongo. Jina hilo limeenezwa na matangazo ya milipuko na chanjo kwa miongo mingi. Anayeambiwa ana "ugonjwa wa uti wa mgongo" huenda akafikiria homa kali, shingo iliyokakamaa na kifo cha haraka, au akaamini kwamba chanjo aliyopata inamkinga. Ugumu huongezeka kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu wanaweza pia kushambulia utando wa ubongo na ugwe mgongo. Hivyo magonjwa mawili tofauti, yenye dalili na haraka tofauti, yanagombania maneno yaleyale.

Upande wa mgonjwa nao una msamiati usioingia katika mwongozo. Mswahili hugawa sehemu ya nyuma ya mwili kwa namna yake: juu ni mgongo, chini ni kiuno. Ugonjwa wetu hupenda mpaka wa sehemu hizo mbili. Anayesema "kiuno kinaniuma" anaweza kuelekezwa kwenye mkojo, figo, kazi nzito au mambo ya ndoa, kwa kuwa hayo ndiyo maana yanayokizunguka kiuno katika utamaduni. Udhaifu wa miguu nao huelezwa kwa misemo mingi: miguu imeisha nguvu, imekufa ganzi, inakuwa mizito, haisikii. Kila msemo unaweza kuwa dalili ya ugwe mgongo uliobanwa, lakini daktari aliyesomea kwa Kiingereza, akiandika kwa Kiingereza maelezo aliyoyapata kwa Kiluganda au Kiswahili, huenda akaviandika vyote kuwa uchovu.

6.0 Vilima Viwili na Fursa Iliyopita

Kwa nini Kiswahili cha Kampala hakikupata mahali pa kuyasuluhisha haya? Kiluganda kilibahatika mapema. Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo, aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake kwa makini, nazo zimehifadhiwa Makerere hadi leo. Alichapisha pia kitabu cha msamiati na mazungumzo ya tiba kwa Kiluganda. Alielewa kwamba daktari asiyejua mgonjwa anavyoita maumivu yake ni nusu kipofu.

Kiswahili nchini Uganda kilipita njia nyingine. Pendekezo la Gavana William Gowers la miaka ya 1920 la kukifanya lugha ya elimu na utawala lilipingwa, na Kabaka Daudi Chwa alitoa waraka wa kulikataa 1929. Kiswahili kikabaki katika kambi za askari, masoko, njia za biashara na baadhi ya jamii za Waislamu. Amri ya 1973 ya serikali ya Idi Amin ya kukifanya lugha ya taifa ilikuja katika kipindi ambacho wananchi walikuwa wakikisikia zaidi vinywani mwa wenye bunduki, na hofu hiyo ilidumu baada ya 1979. Lugha ya amri ilipata maneno ya kuamuru kuliko ya kuuliza mtu anaumwa wapi.

Hata hivyo fursa ilikuwepo. Kuanzia 1952 hadi 1962 makao ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yalikuwa Makerere. Ng'ambo ya bonde, kwenye kilima cha Mulago, chuo cha tiba cha Makerere kilikuwa kikifundisha madaktari wa eneo zima, na ndiyo miaka ambayo majaribio ya dawa za kifua kikuu yalianza katika Afrika Mashariki. Wanaistilahi na waganga waliishi kwa umbali wa kutembea kwa miguu. Baadaye Kamati ilihamia Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako kazi yake iliendelezwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwanzoni mwa karne hii ikachapishwa Kamusi ya Tiba. Kamusi hiyo ni hazina, lakini imekaa mbali na wodi za Kampala.

7.0 Mapendekezo

Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliifanya Uganda iwe na Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi ya Jumuiya. Mjadala umejikita zaidi katika shule. Makala haya yanapendekeza kwamba kituo cha afya nacho kihesabiwe.

Kwanza, jina kuu lisibadilishwe. "Kifua kikuu" limeenea mno, na kulibadilisha kungevuruga kampeni zilizofaulu. Kwa ugonjwa wa nje ya mapafu, hata hivyo, "TB" ikubaliwe kama istilahi halali katika mawasiliano na wagonjwa, na maelezo yasemwe hivi: TB ni ugonjwa wa mwili mzima, ukikaa mapafuni huitwa kifua kikuu.

Pili, "uti wa mgongo" uachiwe homa yake. Kwa ugonjwa tunaoujadili itumike "TB ya pingili za mgongo" katika maandishi, na "TB ya mifupa ya mgongo" katika mazungumzo. Kila mtu anajua mifupa yake iko wapi.

Tatu, iandaliwe orodha fupi ya maswali ya dalili kwa Kiswahili na Kiluganda sambamba, ikijumuisha kiuno pamoja na mgongo, ganzi pamoja na kuisha nguvu, ikijaribiwa na wahudumu na wagonjwa kabla ya kuchapishwa. Kibuli, penye wazungumzaji wa lugha zote mbili, kingefaa kuwa mahali pa kuanzia.

Nne, majibu ya maabara yanayotolewa kwa mdomo yataje kilichopimwa. "Makohozi yako hayana vimelea, lakini mgongo wako bado hatujaupima" ni sentensi moja tu, na inaweza kumrudisha mtu kliniki.

Tano, daftari la taifa litenganishe mahali palipoathirika kwa wagonjwa wote, hata wale wa mapafu wenye ugonjwa pia kwenye mifupa. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

8.0 Hitimisho

Historia ya utambuzi wa ugonjwa huu ni historia ya kufika mapema zaidi: kutoka kibiongo cha Pott, hadi bakteria wa Koch, hadi picha, hadi kipande cha nyama kinachosomwa na mashine kwa muda wa saa chache. Kila hatua ilimfikisha daktari karibu zaidi na mwanzo wa ugonjwa. Hatua iliyobaki iko kabla ya zote hizo, nayo ni mazungumzo ya kwanza kati ya mtu anayeumwa na mtu anayemsikiliza. Hiyo haihitaji mashine. Inahitaji maneno yanayouruhusu ugonjwa kuwa pale ulipo, na kuyaandaa maneno hayo ni kazi ya wanaistilahi sawa na ilivyo ya waganga.